Nywila ya Sebuleni

Mwizi akiingia sebuleni kwetu hatahangaika kuulizia nywila. Atabeba kompyuta, skrini, kibodi na pengine kitambaa cha meza. Mambo ya kufungua atayajulia huko aendako. Anayezuiwa na nywila ya nyumbani ni mwenye mali, ambaye mkopo wa kununulia kompyuta bado anakatwa.

Ya kwetu iliwekwa na mpwa wangu wakati wa likizo, kabla hajarudi chuoni Dodoma. Kijana ni mwangalifu, akaweka mbili: moja inatokea kwenye skrini nyeusi mara tu unapowasha, ya pili inakusubiri kwenye Windows. Siri haikufika usiku. Mtoto akikwama sebuleni alipiga kelele, na mama yake akamjibu kutoka uani, herufi kwa herufi: "Ya kwanza kubwa! Mwishoni weka alama ya mshangao!" Jirani tunayepakana naye ukuta aliishika kuliko mimi. Asiyeijua alikuwa mama yangu tu, maana yeye si mtu wa kuuliza uliza.

Wala nywila za kompyuta hazikuanza kwa hofu ya wezi. Zilianza kwa ajili ya kugawana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT, Marekani, watu wengi walitumia mashine moja, na Fernando Corbató na wenzake wakampa kila mmoja nywila yake. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyepangiwa saa 4 kwa wiki, akaiagiza mashine imchapishie faili zima la nywila, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Wanangu walipoisikia habari hiyo walimhurumia Scherr. Saa 4 kwa wiki!

Basi nikaamua nywila zetu ziondoke, nikampigia mpwa.

"Shikamoo, Mjomba. Ya Windows ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika netplwiz, toa tiki kwenye kisanduku cha juu."

Nikatoa tiki. Kompyuta ikataka nywila. Nikaandika. Ikataka niiandike tena, kuthibitisha. Ni sawa na mlinzi unayemwachisha kazi, naye anakudai kitambulisho kabla ya kupokea barua.

Ile ya skrini nyeusi ilitaka bisibisi, kwa sababu kumbe mpwa aliweka na ya tatu, ya kuingilia kwenye mipangilio yake, naye alikuwa ameshaisahau. "Chomoa umeme kwanza, Mjomba. Fungua ubavuni, utaona betri ya duara imeandikwa CR2032. Itoe, subiri kidogo, irudishe." Ndani nilikuta vumbi la kutosha kuotesha mchicha, na maganda ya karanga ambayo hakuna mtoto aliyeyatambua.

Betri hiyo ndiyo inayotunza mipangilio umeme ukiwa haupo. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, ukiitoa, nywila ya mwanzo inafutika; kwenye laptopu nyingi mbinu hiyo haifui dafu. Tatizo ni kwamba saa nayo inafutika. Yetu iliamka ikiamini ni Januari Mosi 2009, ikakataa kufungua karibu kila tovuti, kwa kuwa kwa hesabu yake vyeti vya usalama vya tovuti hizo vilikuwa bado kuanza kutumika. Kitinda mimba wangu akaisoma tarehe, akanigeukia: "Baba, kwani mimi nimeshazaliwa?"

Tukairekebisha saa. Sasa ukiwasha, inafunguka moja kwa moja, na mama yangu akajisogezea kiti. Hakuna aliyemfundisha. Asubuhi anacheza karata, mchana anasikiliza kaswida, jioni anarudia karata. Wajukuu wanapanga foleni nyuma yake na madaftari mkononi, wala hakuna mwenye ubavu wa kumwambia Bibi zamu yake imekwisha.

Juzi wakanijia wote kwa pamoja. "Baba, tunaomba nywila irudi."

Nikalifikisha ombi lao. Mama hakugeuka.

"Irudisheni tu, mwanangu," alisema, akihamisha karata. "Ila nitaichagua mimi."