Sifa za Ekzosi ya Makelele

Watu wa Rohero, hapa Bujumbura, wanaionea bure. Ekzosi iliyong'olewa sailensa, ile inayopita Boulevard de l'Uprona saa sita za usiku ikiamsha mbwa, watoto wachanga na hata mlinzi aliyelipwa akeshe, ina fadhila nyingi ambazo mji huu haujazishukuru.

Nenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa magereji. Utamkuta kijana kalala chini ya Subaru, sailensa ya kiwandani kaitupa vumbini, anachomelea bomba pana zaidi huku kavaa miwani ya jua ndiyo kinga ya macho. Akimaliza anajifuta mikono: "Bosi, washa." Mtaa mzima unaziba masikio. Niambieni, ni fundi gani mwingine ambaye kazi yake inasikika hadi Bwiza, na mteja hawezi kudai kwamba haikufanyika?

Kosa la gari kuwa kimya lilikuwa la turbo. Tangu Mswisi Alfred Büchi aipatie hataza mwaka 1905, imekuwa kifaa chenye haya: inakopa nguvu ya moshi unaotoka ili isukumie injini hewa zaidi, na wakati inazunguka inameza sehemu ya mlio. Yaani mtu ananunua gari lenye nguvu, halafu halisemi! Ukipanua njia nyuma ya turbo, moshi haubanwi tena, nayo inaamka mapema kidogo. Hicho kidogo ndicho kinacholipiwa. Sauti ni nyongeza, inagawiwa majirani bure, maskini na tajiri sawasawa. (Sijaona mradi wa maendeleo uliofika kila nyumba namna hiyo.)

Na hapa Bujumbura sauti hiyo ina uzito usio nao Nairobi wala Dar es Salaam. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwahi kupanga foleni ya esansi kwetu. Tangi tupu halivumi. Mwaka 2024, magari yalipolala vituoni na watu wakavuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, Kongo, kusaka mafuta, aliyepita akinguruma alikuwa anatangaza neno moja tu: ninayo. Benki haitoi cheti kama hicho. Baba mkwe aliyekuwa anasitasita alisikia mwenyewe, akiwa kitandani, kwamba kijana ana uwezo.

Hata yule wa baiskeli anayeteremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi mgongoni mwa chuma chake analisikia gari kona mbili kabla, akajibana pembeni. Hapo, kusema kweli, sifanyi mzaha.

Basi, jamani wa Rohero, msiite polisi; bei ya esansi ya magendo itamtuliza dereva mapema kuliko wao. Nawe bwana mwenye Subaru, nina ombi moja tu: siku ukijaza tangi, anzia kwenu.