Vita ya Maganda Kizota

Ndugu yangu unayeishi na mke, watoto, shemeji na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa. Hapa kwetu Kizota, Dodoma, tumechimba shimo la mboji, na tangu hapo hakuna ganda la ndizi linalofika shimoni bila kugombewa.

Wazo lilitoka kwa Mheshimiwa Spika, mama watoto wangu, aliporudi kutoka maonyesho ya Nanenane kule Nzuguni na miche ya papai mkononi. Udongo wetu huu mwekundu, akasema, umechoka, unataka kulishwa. Nikaomba muda wa kutafakari. Hoja ikapita chai ikiwa bado ya moto.

Ubishi ukaanzia kwenye umbo. Shemeji Injinia, mdogo wake Spika, alitaka lundo juu ya ardhi. Alikuwa amesoma kwenye simu habari za Albert Howard, Mwingereza aliyepika mboji kule Indore, India, na kuiandikia kitabu mwaka 1931. Akatuhubiria mezani mpaka mlenda ukapoa.

Mama mkwe alimwacha amalize. Watoto wanamwita Bibi Ngoro, maana ni Mmatengo wa Mbinga, na ngoro ndiyo kilimo alichokulia. Kule milimani wazee hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatizana, kisha wakachimba katikati na kuzifukia kwa ule udongo. Nyasi zinaozea humo humo chini ya maharage na mahindi, na vile vishimo vinazuia maji ya mvua yasiteremke na rutuba.

"Injinia mwanangu," akasema, "hao wazee walikuwa na mwalimu kutoka India?"

Tukachimba shimo. Na kwa Dodoma, mama ana haki kabisa: mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, na upepo wa Agosti hukausha lundo la juu hata halipati nafasi ya kuoza. Shimo linatunza unyevu.

Sasa tulijaze. Hapo ndipo nilipoona kwamba nyumba yangu haina takataka. Maganda ya viazi ni ya mbuzi wa jirani, ambaye hutulipa kwa samadi. Pumba ni za kuku, na kuku wana msemaji wao, kitindamimba wangu, Bwana Mifugo, anayelia kwa sauti akiona punje inakwenda shimoni. Majivu Bibi anasugulia sufuria. Mabua ya mahindi Spika anawashia moto. Kila siku nasuluhisha, na kila siku uamuzi umeshatolewa jikoni kabla sijafika.

Hata hivyo, likajaa. Mabua yaliyokatwakatwa chini, juu yake mabaki ya mboga, kisha samadi ya mbuzi, udongo kidogo, majivu kiduchu kwa ruhusa ya Bibi, halafu tunaanza tena. Nyama, mifupa na mafuta hapana, vinaita mbwa na panya wa mtaa mzima. Maji ni yale yaliyooshea mchele na mchicha, kwa sababu siku za mgao hakuna atakayekupa ndoo safi ya kumwagia maganda. Ukiacha shimo likauke, mchwa watakuja kula mabua yote na wasikuachie hata shukrani.

Katikati tulichomeka fimbo ndefu ya kupimia joto. Ukiichomoa ikawa ya moto mkononi, ujue kazi inaendelea ndani. Lakini fimbo ndefu katika nyumba yenye mtoto wa kiume haikai. Bwana Mifugo anaichomoa kuchungia kuku, Injinia anairudisha akihubiri, na Bibi anapima kwa kiganja tu na hakosei.

Kila baada ya wiki mbili tatu tunageuza, na kazi ya kugeuza ni yangu. Mwishowe mboji ilitoka nyeusi, laini, inanukia udongo baada ya mvua ya kwanza. Nilikuwa na mpango nayo kwa nyanya zangu. Spika akaipeleka kwenye mipapai, iliyobaki Bibi akaitia kwenye mchicha wake.

Mchicha huo ni mtamu. Nawe chimba, ndugu yangu, na uanze Agosti. Mboji huchukua kama miezi mitatu, na mvua zetu hazianzi mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ila kabla ya kushika jembe, kaeni kwanza na mama mkwe mkubaliane majivu ni ya nani.