Sifa za Vim, Mwenyeji Asiyefungua Mlango

Programu za kuandikia msimbo siku hizi zina unyenyekevu wa kuudhi. Ukizifungua zinakupokea kwa rangi, zinakuonyesha pa kubonyeza, na nyingine hukumalizia sentensi kabla hujajua ulitaka kusema nini. Ukitaka kuondoka, pale pembeni pana alama ya X; unaigusa, unakwenda zako, hata kuaga huagi. Adabu gani hiyo? Mimi leo namsifu Vim, ambaye kuingia kwake ni bahati mbaya na kutoka ni elimu.

Kwanza ukarimu. Wengi hufika kwake bila kukusudia. Unahifadhi mabadiliko ya msimbo wako kwa Git, umesahau kuyaambatanishia ujumbe, mara skrini inageuka na alama za ~ zinashuka upande wa kushoto. Hakuna menyu, hakuna kitufe, na mausi unaizungusha bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hukukabidhi jembe mlangoni, kisha mlango akaufunga. Mwaka 2017 tovuti ya maswali ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim, lililoulizwa mwaka 2012, lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Nionyesheni mwenyeji mwingine ambaye wageni wake wameulizia mlango mara milioni.

Tena ana msimamo mkali kuhusu salamu. Kwake kila herufi ni amri, si maandishi, mpaka umwombe ruhusa ya kuandika kwa kubonyeza i. Mgeni asiyejua hilo huanza kwa heshima zote: Shikamoo. Basi S kubwa maana yake ni futa mstari mzima kisha uanze kuandika, kwa hiyo mstari wako umekwenda na badala yake umebaki na “hikamoo”. Jaribu Jambo: J inaunganisha mstari uliopo na ule wa chini yake, a inaruhusu kuandika, unaambulia “mbo”. Yakikushinda ukaamua kuandika kwaheri, k inakupandisha mstari mmoja, w inakurusha kwenye neno la mbele, a inafungua maandishi, na neno “heri” linajipenyeza baada ya herufi ya kwanza ya neno la watu. Umetakiwa heri, lakini huendi popote. Anayekimbilia Kiingereza akaandika quit hali yake ni mbaya zaidi, maana q na u zinamwamuru Vim aanze kurekodi kila kitakachobonyezwa kuanzia hapo. Mwenye kompyuta na athibitishe.

Wanaomwita mkaidi hawajui malezi yake. Babu wa ukoo huu ni ed, aliyeandikwa na Ken Thompson pale Bell Labs mwaka 1969, zama ambazo kompyuta ilikujibu kwa kuchapa kwenye karatasi. Ukimkosea ed, jibu lilikuwa moja: alama ya kuuliza. Umekosea nini, wapi, shauri yako. Kwa mjukuu wa babu kama huyo, Vim ni msemaji kupita kiasi. Ukitaka kutoka na hujahifadhi kazi, anakuletea onyo E37, sentensi nzima, na ndani yake amekutajia kwamba uongeze alama ya mshangao. Wewe ndiye uliyetaharuki ukaacha kusoma.

Kati ya hao wawili yuko vi, wa Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976. Joy alikuwa akifanya kazi kwa modemu inayopitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 1,920, yaani zaidi ya dakika nzima kuijaza. Kwa mwendo huo huwezi kupamba. Kila herufi ilibidi ibebe amri. Mashine yake, ADM-3A, ilikuwa na mishale kwenye h, j, k na l, na Esc ilikaa mahali penye Tab leo. (Kibodi hiyohiyo iliweka HOME na ~ kwenye kitufe kimoja, ndiyo maana kwenye Linux ~ ni nyumbani kwako.) Vijana wenye kompyuta za bei ya kutisha wananyoosha vidole hadi pembeni kabisa kutafuta Esc, kwa ajili ya kibodi ambayo hawajawahi hata kuigusa. Huo ni uaminifu kwa mila.

Hapa sasa kejeli inanipungukia. Vim ni kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeianza kwenye Amiga na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, eneo la Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Alijitolea kwenye kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi. Programu yake hakuiuza. Aliigawa bure, na kwenye skrini ya kwanza akaweka ombi kwamba anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Alifariki Agosti 2023. Katika programu zote nilizowahi kulipia, sijaona iliyoomba kwa adabu kama hiyo.

Skrini hiyohiyo ya kwanza, kwa taarifa yenu, imeandika pia jinsi ya kutoka. Ila huonekana tu ukimfungua Vim bila faili. Mgeni aliyesukumwa ndani na Git haioni.

Mwisho nimsifu kwa kupatikana. Usiku wa manane seva imegoma, iko bara jingine, na mtandao unasuasua. Zile programu zenye kuchekacheka hazipo huko. vi yupo, na kwake mtandao wa kuchechemea ndio aliozaliwa nao.

Kwa aliyekwama humo muda huu: bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Utatoka, na ambacho hukuhifadhi kitapotea. Ukitaka kutoka na kazi yako, ni :wq. Usimwandikie kwaheri.