Usiku Baba Alipopigana na Siafu

Baba alilitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania tangu ujana wake mpaka alipostaafu akiwa sajinitaji. Alihamishwa kambi hii na ile, akalala kota nyingi, lakini nyumba aliyoiita yake ilikuwa moja: ya tofali za kuchoma, kwenye mteremko wa Uluguru, nje kidogo ya mji wa Morogoro, katika kiwanja ambacho mama alipewa na ukoo wake. Sisi tuliishi pale na mama na bibi mzaa mama. Baba alikuja likizo.

Na likizo yake haikuwa ya kupumzika. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafagia uwanja na kuchota maji kabla mama hajafungua mlango wa jiko. Pasi ya mkaa ikawa yake. Kaptura zetu za shule alizipiga pasi mpaka ule mkunjo wa mbele ukasimama wenyewe, na mwalimu wa zamu akituona tu mstarini alijua baba yetu karudi. Jumamosi alitukata kucha. Alituketisha kwenye benchi mmoja mmoja, akashika kidole, akauliza taratibu: nani kakuonea, hesabu zipi zimekushinda, mama alipougua ulimsaidia nini? Mengi ambayo hatukumwambia mtu mwingine yeyote tulimwambia yeye, kidole kikiwa mkononi mwake.

Masika ya mwaka 1985 yalimkuta likizo. Nchi ilikuwa bado haijainuka. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba wananchi tufunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ilikuwa imepita muda mrefu huku mkanda ukiwa palepale. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni. Mama alikuwa na chupa moja ya mafuta ya taa, ameificha nyuma ya mtungi, na kwa koroboi ilikuwa itufikishe mwisho wa mwezi.

Usiku huo mvua ilikuwa imepungua kidogo, kuku wakaanza kupiga kelele bandani. Baba alitoka na kurunzi akidhani ni kicheche. Aliporudi alikuwa anajipiga miguu, na sauti yake ilikuwa ile ya kambini: "Wote juu ya meza! Siafu!"

Aliyewahi kuingiliwa na siafu hahitaji kuelezwa. Wanakuja na mvua, ardhi ikishalowa, safu nene inatembea kama kamba nyeusi, na pembeni wamesimama wale wenye vichwa vikubwa, taya wazi. Akishakung'ata haachii. Ukimvuta, kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi. Kwa mtoto mchanga ni hatari ya kweli, na sisi tulikuwa na mtoto mchanga ndani.

Mama akampandisha kitinda mimba mezani pamoja nasi. Baba akaanza ulinzi. Alimwaga majivu ya jikoni kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akawasha mwenge wa makuti, akaunguza safu ya mbele. Safu ikapinda na kuingilia upande wa stoo. Akageukia stoo. Ndipo akaiona ile chupa nyuma ya mtungi. Mama aliona mkono wake unakwenda, akafungua mdomo, akaufunga. Baba akamimina mafuta yote, tone la mwisho, kwenye vizingiti vyote viwili. Tukapumua. Kisha dada akapiga ukelele: siafu walikuwa wanadondoka kutoka kwenye paa. Walikuwa wamepanda ukutani kwa nje.

Baba alikuwa anatafuta ngazi pale bibi alipoita kutoka chumbani kwake.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Waache wapite. Wana njia yao. Wakimaliza watakurudishia nyumba yako."

Kwa desturi za pale kwetu, heshima ya mtu na mama mkwe wake ni kubwa. Baba hakuwahi kumtazama bibi usoni, hakukaa kiti kimoja naye, wala hakupaza sauti akiwepo. Nilimwona amesimama na mwenge mkononi, anataka kuendelea, na hawezi kumbishia. Akasema, "Ndiyo, mama." Akauzima mwenge.

Likabaki jambo zito zaidi. Bibi alikuwa na magoti mabaya, kutembea gizani kwenye utelezi asingeweza. Baba alisimama nje ya mlango wa chumba chake, ameinamisha kichwa, akasema, "Mama, naomba ruhusa nikubebe." Kimya. Mama akatazama kando. Bibi akajibu, "Njoo, mwanangu." Hakusema mkwe. Baba akampa mgongo, akambeba mpaka barazani kwa jirani, miguu yake mwenyewe ikiwa imejaa siafu, asisimame hata mara moja kujikung'uta kwa kuogopa kumwangusha.

Sisi tulifuata na mama. Tulipofika, dada akakumbuka kuku wake aliyekuwa anaatamia kwenye tenga jikoni, akaanza kulia. Mama akasema kuku atanunuliwa mwingine. Baba akarudi mvuani bila neno. Alitokea amemfunga kuku ndani ya shati lake la kombati, kifua wazi, mayai ameshindwa kuyaokoa. Mama alikaa naye chini ya karabai ya jirani mpaka majogoo, akimtoa vichwa vya siafu mgongoni kimoja kimoja kwa kucha.

Hapo ndipo Baba alipotusimulia Kagera kwa mara ya kwanza. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka. Watu wakakimbia, nyumba zikaporwa, ng'ombe wakaswagwa. Kikosi chake kilipovuka Mto Kagera kurudi upande uliovamiwa, aliingia katika nyumba moja, akakuta sufuria bado iko juu ya mafiga na kiatu kimoja cha mtoto mlangoni. Mwenyewe hakuwapo, na Baba hakujua kama alifika salama huko alikokimbilia. "Kwa hiyo nikiambiwa nitoke ndani na watoto wangu," alisema, "moyo unakataa kwanza." Vita vilimfikisha mpaka ng'ambo ya Kampala, mji uliotekwa Aprili 11, 1979, lakini hakuwahi kutusimulia Kampala. Alisimulia ile nyumba.

Asubuhi siafu walikuwa wamekwenda zao. Ndani hamkuwa na mende hata mmoja, panya wa darini wameisha, na mayai yalibaki maganda tu. Bibi alirudi chumbani kwake kwa kutembea, amemshika Baba mkono, na tangu siku ile hakumwita mkwe tena. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Baba alishinda mjini kwenye foleni, akarudi jioni na nusu chupa, amevimba mikono, anacheka.

Alipofariki, uzeeni, wazee wa ukoo wa mama walikubali azikwe katika kiwanja kile, ingawa yeye alikuwa mtu wa kuja. Ndugu zake waliotaka kumrudisha kwao walielezwa habari ya ule usiku, wakaridhika.

Kila Julai 25 Taifa linawakumbuka mashujaa wake, na baadhi ya wenzake Baba wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Waliorudi wakiwa hai wanazidi kupungua: aliyekuwa na miaka 20 Kagera ilipovamiwa alizaliwa mwaka 1958. Kama unaye mmoja nyumbani, baba, babu au mjomba, kaa naye wiki hii, muulize alikuwa wapi kati ya Oktoba 1978 na Juni 1979, na uandike anachokuambia kwenye daftari.