Habari za Dunia na Suruali Yangu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na tangu siku hiyo shemeji yangu hajanilipa laki na nusu yangu. Mimi naziona hizo ni habari mbili. Shemeji anaiona moja.

Kumtendea haki, wiki ile mtandao ulikuwa hoi kweli. Unatumiwa picha ya harusi, inazunguka kwenye simu mpaka maharusi wanarudi kutoka fungate. Lakini shemeji anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Akikunja noti akamkabidhi mtoto, zinanifikia kabla chai haijapoa. Na hata kama angetaka kunirushia kwa simu, ile menyu ya nyota mia na hamsini haidai bando. Wazee kule kijijini wanaitumia kwa simu ya kitochi na hawajawahi kuuliza mkongo ni mnyama gani.

Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa huruma. "Shemeji, tatizo lako hufuatilii habari. Meli ya kuunga ule mkongo inakaa Cape Town. Cape Town, shemeji!" Akakaa kimya kidogo ili umbali uniingie vizuri. Mtandao ulipotengemaa nikamkumbusha tena, akasema ni kweli umerudi, ila bado haujakaa sawasawa.

Zamani visingizio vyetu vilikuwa vya hapa hapa nyumbani. Mtoto ana homa, foleni ya Magomeni, bibi amefariki. Bibi mmoja alikuwa anaweza kufariki mara tatu kwa mwaka, lakini angalau ulikuwa na pa kuulizia. Tangu kila mtu awe na habari za dunia kiganjani, anayekuomba siku zaidi anakuletea sababu kutoka bara jingine, yenye tarehe na picha, na picha yenyewe ni ya kweli.

Fundi wa sofa ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Machi 2021 nilikuwa nimeshamlipa nusu pale Keko wakati meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama na kuziba Mfereji wa Suez. Nikaenda kuuliza sofa. Akavua miwani. "Kaka, si umesikia habari?"

Nikamwambia mbao ni za mninga, tena nilizichagua mwenyewe pale kwake. Akakubali. Kitambaa nilinunua Kariakoo nikakileta kwa bodaboda. Akakubali. Sasa Suez inahusu nini? "Sponji, kaka." Akaitamka kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu. Viwanda vya magodoro viko hapa hapa Dar es Salaam, moshi wake tunauvuta bure, lakini sponji yangu mimi ilikuwa Misri. Uani niliona fremu ya sofa langu, vijana wake wawili wameikalia wanakula mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mmoja alisogea kwa heshima ili nami nikae.

Meli ilinasuliwa tarehe 29, ikiwa imekaa pale siku 6. Nikarudi mbio. "Imenasuka, kaka, Mungu mkubwa. Ila sasa kuna foleni. Meli zaidi ya 300 zinasubiri kupita." Idadi ya meli alikuwa nayo kichwani, vipimo vya sofa langu alikuwa amevipoteza, akaniomba tupime upya.

Fundi wangu wa cherehani ni mtu wa maneno machache zaidi. Ijumaa ya Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazima dunia nzima. Viwanja vya ndege vilijaa abiria waliokwama. Mimi nilikuwa na harusi kesho yake, na suruali yangu ilikuwa bado vipande viwili vilivyoshikizwa kwa pini.

"Kaka, hujaona? Kompyuta zote zimezima. Hata ndege haziruki."

Niliitazama cherehani yake. Ni ile ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni. Alifuata macho yangu, akaona yalipofika, na wala hakubabaika. "Sijasema cherehani imezima," akasema. "Nimesema hali si nzuri."

Ofisini nako hakuna nafuu. Kuna hati yangu inangoja saini mahali fulani, sitapataja, na kila mkeka wa uteuzi unapotoka usiku, asubuhi faili langu linarudi chini ya mengine. "Mzee wangu, si umeuona mkeka? Tusubiri hali itulie." Mara ya mwisho nilikagua jina kwa jina: aliyehamishwa kwenye mkoa wetu hakuwepo hata mmoja. Karani akasema ndiyo maana wana wasiwasi.

Mangi wa dukani yeye ana msimu wake, Juni, mwezi ambao mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti. Kodi mpya huanza Julai Mosi. Za Mangi huanza waziri akisafisha koo. Mwaka mmoja waziri alikuwa bado kwenye vileo, Mangi akapandisha ndala.

Katika yote haya aliyepata hasara ni binamu yangu wa Nairobi, ambaye kisingizio chake kilikuwa cha kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na Kenya karibu nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. Binamu alimwambia bosi wake kwamba ripoti haijakamilika kwa sababu ya tumbili, akaambiwa aandike barua ya kujieleza. Aliiandika vizuri, akabandika na picha ya tumbili. Wakadai amewadhihaki.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule fundi wa cherehani kitambaa kingine. Akauliza nakihitaji lini, nikamwambia Ijumaa. Hakuandika. Alitoa simu mfukoni, akaperuzi habari taratibu kwa kidole gumba, kama mvuvi anayekagua anga.

"Ijumaa ni mbali, kaka," akasema. "Tuone dunia itaamkaje."