Mteja wa Kumi la Mwisho

Wanaomsema mteja aletaye kitambaa usiku wa 27 wa Ramadhani wana wivu tu. Huyu ana imani. Wajenzi wa madaraja huomba miaka. Yeye anajua kwamba gauni la Idi, lenye bitana, zipu ya kuficha na mikono iliyotuna, hujishona lenyewe kati ya futari na daku. Kitambaa ni yadi 2, mshono wa kwenye picha aliyoniletea umekula yadi 5, lakini hayo ni mambo ya watu wa hesabu. Vipimo? "Fundi, tumia vya mwaka jana, sijabadilika." Hajabadilika kweli. Ni futikamba yangu iliyofupika.

Kwenye bei ndiko anakonigusa zaidi. "Mi si mgeni hapa," anasema kwa upole, kisha anaacha kishika uchumba cha kutosha uzi. Benki zingejifunza kwake namna ya kukopa. Na gauni likishakamilika, alfajiri ya Idi mosi, macho yangu mekundu, cherehani bado ina joto, yeye hana papara: atalifuata karibu na Idi ya kuchinja, akiwa na dada yake. Dada naye ana yadi zake 2.