Yah: Ombi la Kuahirishiwa Damu

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ilipo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila hotuba inatuambia kwamba suala letu liko kwako, ila sisi wa milimani Upare, kuanzia Chome hadi Vuje, hatujawahi kukuona ukishuka kwenye gari. Kwa unyenyekevu tunaomba kibali kimoja: mzazi wa Mamba Miamba ambaye mji wake wa mimba umelegea badala ya kunywea baada ya kujifungua, damu yake isubiri mchakato.

Maana damu haina adabu ya kiofisi. Ikifika nusu lita wakunga huiita hatari, na mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Saa mbili, Mamlaka! Hata kikao cha kuandaa kikao kinakuwa hakijafika kwenye chai. Masika yakimwaga udongo barabarani, saa hizo zinaishia konani, vijana wakisukuma gari kwenye tope, hospitali ya Same bado iko mbali bondeni.

Wataalamu nao wametuponza kwa kusema dawa ipo. Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Tulidhani baridi ya mlima wetu Shengena ingetosha. Kumbe wanataka jokofu, na jokofu lina tabia ya kudai umeme. Kuna pia karbetosini isiyoogopa joto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2018. Hiyo ndiyo imetuudhi zaidi, kwa kuwa inakunyang'anya kisingizio.

Mwaka 2023 wakazidisha. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania, ulimtandikia mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, badala ya kukadiria damu kwa macho. Damu ikizidi, mkunga hangoji: anasugua tumbo, anatoa dawa ya kukaza na asidi ya traneksamiki, anatundika dripu, anakagua palipochanika, yote kwa mpigo. Kuvuja damu kupita lita moja, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake, kwa pamoja, vikapungua kwa asilimia 60. Kwa mfuko! (Tunaamini haumo kwenye katazo lako la mifuko ya plastiki la 2019.)

Haki yako hatukunyimi. Namba 115 ya M-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, inaita gari, na takwimu za 2022 zinasema vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000. Tulipiga makofi. Ila gari la dharura nalo hupita barabarani.

Ikiwa sheria hairuhusu kuahirisha damu, basi tuletee mifuko, dawa na greda, kwa mpangilio wowote utakaokupendeza.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Milimani

Nakala: Mji wa Mimba, kwa utekelezaji.